Mama mwenyeji anakopa dukani ili mimi nishibe, nimlipie kimyakimya au nikaushe?

Shangazi shikamoo, na wasomaji wote wa safu hii salamu, wa Kampala, Jinja, Arua na wa kwetu Tanzania mnaopitia huku. Naombeni msinicheke mana kwenye grupu letu nshachekwa vya kutosha.

Mimi ni binti wa Tanga, nasoma chuo, fani ya utalii. Tumekuja Uganda kundi zima la wanafunzi na walimu wawili kwa ule mpango wa kubadilishana wanafunzi, basi letu likapita Mwanza na Bukoba tukavukia Mutukula, Masaka, Mbarara, mpaka huku Fort Portal, yani makalio yalikufa ganzi. Tulijua tunalala hosteli kumbe wenzetu wa huku wamepanga tukae majumbani kwa watu ili tujifunze maisha, nyumba moja mwanafunzi mmoja au wawili. Mimi nikapangiwa nyumba ya nje ya mji, ukiacha lami unachukua boda unapita mashamba ya chai mpaka macho yanachoka kijani, na asubuhi ukungu ukiondoka unaiona Rwenzori kule juu.

Mama mwenyeji wangu anaitwa Adyeri, hilo si jina lake la ubatizo, huku kwa Watooro kila mtu ana jina la ziada la kuitana kwa heshima na mapenzi, wanaita empaako, hata watoto wa kuwazaa wanamwita Adyeri. Siku nimefika nikakuta mkeka umetandikwa, binti yake mkubwa ambaye naona kabisa ananizidi umri akapiga magoti kunisalimia, nikatamani kukimbia. Kabla sijakaa vizuri wakanong'onezana kidogo na mimi nikapewa langu, Abwoli. Toka siku ile nikipita njiani vitoto vinaita Abwoli Abwoli. Baba wa nyumba zamani alikuwa utingo wa malori ya Kongo kwahiyo Kiswahili anacho, cha Bunia, "kula mutoto yangu, kula mingi", ndo mkalimani wetu. Mama mwenyewe anajua cha sokoni tu lakini tunaelewana.

Sasa Shangazi huyu mama ananipenda mpaka naogopa. Mimi Muislamu wao Wakatoliki. Siku moja nikaona kamkamata jogoo, nikaanza kuwaza ntamkatalia vipi bila kumuudhi, kumbe ameshamtuma kijana akamwite Haji wa jirani aje achinje, na sufuria kaisugua upya kwa majivu palepale nje, mbele yangu, ili nione. Wakati wa kula firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu, siyo ya baba, yangu. Katoto kao ka mwisho kakaikodolea ile firigisi toka inatoka kwenye bakuli mpaka inaingia mdomoni kwangu. Asubuhi naletewa chai ya maziwa, mkate na mayai, mchana wali, usiku wali tena na nyama. Watoto wanakula viazi vitamu na maharage kule jikoni. Mi nikajua ndo desturi yao tu wanawatenga wageni kwa heshima.

Juzi nimeenda duka la njia panda kununua vocha, mwenye duka anahangaika kutafuta chenji kaacha daftari wazi kaunta, wallahi sikuwa nachungulia lakini jina la Adyeri limeandikwa kubwa. Sukari kilo. Mchele kilo mbili. Mafuta ya kupikia. Mkate. Mkate. Mayai nusu trei. Mkate. Pembeni ya kila mstari kaandika mugenyi, mgeni. Mgeni mwenyewe ndo mimi. Chini hesabu imevuka laki moja ya Uganda na hakuna palipopigwa mstari. Nikatoka pale hata vocha sikukwangua.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kabla ya safari tulichangishwa, na kwenye risiti yangu kuna mstari kabisa umeandikwa malazi na chakula kwa wenyeji. Nikamuuliza mama kwa kuzungukazunguka kama ameshapewa chochote, akacheka akasema mgeni ni baraka. Baba ndo akasema waliambiwa watapewa "asante" mwisho wa ziara. Koodineta wetu nilipomgusia akaniambia nisiingilie mambo ya uongozi, na akarudia kwenye grupu kwamba ni marufuku mwanafunzi kumpa mwenyeji hela.

Rafiki yangu tuliyekuja naye anasema nenda pale dukani lipa deni lote usiku, mama atakuta limefutwa hatajua nani. Mwingine anasema achana nao, walijitolea wenyewe hakuna aliyewalazimisha. Mama yangu mzazi kwenye simu kaniambia usirudi na deni la watu. Na juu ya yote Jumamosi ya kuagana baba kasema lazima mbuzi achinjwe, Abwoli hawezi kuondoka kama aliyefukuzwa. Hela kidogo ninayo, siyo nyingi. Nilipe dukani? Nimpe mama mkononi? Nikaushe? Alafu hili jina, kuna mwenzetu ananitisha eti nikikubali jina la kimila nimeingizwa kwenye mambo ya watu, ni kweli?

Nisaidie haraka Shangazi, siku zenyewe zimebaki chache.

Abwoli wa Tanga

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu Abwoli, na mimi nakuita hivyohivyo, wenye jina wamekupa mimi nani nikunyang'anye.

Nianze na duka mana naona ndo linakuwasha mkono. Usiende kulipa. Sijasema deni lisilipwe, nasema wewe usiende pale kaunta ukatoa noti, si usiku si mchana. Huyo rafiki yako anasema kimyakimya, kimyakimya gani ya kijijini? Duka la njia panda ndo redio ya pale. Ukigeuza tu mgongo mwenye duka atamwambia mteja anayefuata, tena si kwa ubaya, kwa kukusifia, yule mtoto wa Tanzania ana roho nzuri bwana kamlipia Adyeri deni lote. Kesho yake mama anatoka kanisani anapongezwa na wenzake kwamba amelishwa na mgeni wake. Hapo umemvua nguo. Mwanamke kasugua sufuria kwa majivu, kamtafuta Haji, kajibana asikuonyeshe hata dalili, halafu kijiji kijue kwamba mgeni alikuwa anajinunulia chakula mwenyewe. Na yule mzee utingo je, aliyekukubalia firigisi yake iende kwenye sahani yako? Huku firigisi ni ya mwenye nyumba, nyumba nyingi mtoto hathubutu hata kuigusa, kukupa wewe ni kukuambia humu ndani leo mkubwa ni wewe. Ukienda kulipa dukani unamjibu nini mtu kama huyo.

Sasa tulia hapa unisikilize vizuri, kuna vitu viwili umevifunga fungu moja ndo mana vinakuchanganya. Kuna jogoo na kuna sukari. Jogoo ni wa mama, kamfuga mwenyewe, kaamua mwenyewe kukuchinjia, huyo hana bei na usimtafutie bei, kula, sema webale muno, asante sana ya kwao, yameisha. Lakini ile sukari na mchele na mikate ya kwenye daftari ni habari nyingine kabisa, hiyo wewe na wazazi wako mlishailipa siku mliyochanga, hela ipo kwa mtu na mtu mwenyewe si mama. Mama anaikopesha ziara yenu bila kujua, na mwenye duka anamkopesha mama. Yani basi lenu na fulana zenu zilizoandikwa jina la ziara na picha zenu zote mnazopiga, chakula chake kiko kwenye daftari la njia panda! Huo si ukarimu tena, ukarimu wa mama umegeuzwa mtaji wa waandaaji na mama mwenyewe hana habari, yeye anafikiri anapokea mgeni.

Simwiti koodineta mwizi, simjui, inawezekana hela imelala benki salama salimini na mwisho wa ziara kila nyumba itapewa bahasha yake na picha ya pamoja. Ila kulipa mwisho ni utaratibu wa watu wenye akiba. Nyumba yenye mshahara inaweza kulisha mgeni leo ikalipwa baadae, nyumba ya viazi na maharage haiwezi, itakopa tu, na itakopa zaidi kuliko ile ya tajiri kwa sababu ina aibu zaidi. Wanaopanga ziara hizi wanajua, au wangejua wangekaa jikoni dakika tano.

Hiyo sheria ya kwamba mwanafunzi asimpe mwenyeji hela, mimi siipingi, nakuambia ukweli. Nyumba moja ikipewa laki na ya jirani ikapewa kalamu, mwaka ujao watu wanagombea wageni, na watoto wanajifunza kunyoosha mkono kila wakiona mtu na begi mgongoni. Sheria nzuri. Lakini sheria hiyo ina miguu miwili, mwanafunzi asilipe KWA SABABU ofisi imelipa. Ofisi isipolipa kwa wakati basi nyie mmebaki na katazo tu na mama kabaki na daftari.

Kwahiyo fanya hivi. Usimwendee koodineta peke yako tena, ukienda peke yako wewe ni mtoto mtundu unayeingilia uongozi. Waulize wenzako wa nyumba nyingine, kwa upole, wenyeji wao wamepata chochote? Nina uhakika Adyeri hayuko peke yake. Mkishakuwa wanne watano mchukueni na kiongozi wenu wa darasa, nendeni kwa wale walimu wawili mliokuja nao, si kwenye grupu, ana kwa ana, mkiwa na risiti zenu mkononi. Usitaje daftari. Usitaje jina la Adyeri wala la duka, ukilitaja kesho koodineta atafika pale na gari na makaratasi kumuuliza mama kama amelalamika, na mama ataapa kwamba hana shida yoyote. Nyie ulizeni swali moja tu, mwalimu huu mstari wa chakula kwa wenyeji unalipwa lini na tunaomba nusu itoke wiki hii. Akisema bajeti iko chuoni Tanzania, mwambieni simu zipo, siku hizi hela inavuka mpaka kabla hujamaliza kunywa chai. Na wakituma kwa simu waongeze na ya kutolea, huku kutoa hela kunakatwa ada na juu yake kodi ya serikali, mama asije akapewa hamsini akatoa arobaini na kitu. Wakigoma, wale wenzenu wa huku waliowapangia nyumba nao wanahusika, wao ndo watabaki kutazamana na wenyeji nyie mkishaondoka, waambieni. Mtu wa pale pale ana aibu ya kuona jirani yake anadaiwa, koodineta yeye atakuwa yuko kwenye basi.

Wakati hayo yanaendelea wewe una kazi ya jikoni, na hapa ndo naona unaweza kufanya makubwa kuliko hela yako.

Mama ananunua mchele kwa sababu kaambiwa Mtanzania bila wali hashibi. Nani kamwambia sijui, huku wote wanaamini hivyo kuhusu sisi watu wa pwani, mimi mwenyewe nilipoolewa Uganda mawifi walikuwa wananifichia mchele kama dawa. Mkate na mayai ni kwa sababu kaona kwenye mahoteli ndo chai ya wageni. Wala hajui kwamba unaweza kula kitu kingine, na hatakuuliza mana kumuuliza mgeni unataka nini ni kama kumwambia taja kidogo. Sasa wewe usimwambie "mama punguza", ukisema punguza ataongeza. Omba. Mwambie Adyeri, nimetoka Tanga mpaka huku sijala karo ya kwenu, wenzangu wameshakula firinda mimi bado, nitarudi kwetu niseme nini. Huo ugali wa ulezi na yale maharage yaliyomenywa maganda yakapondwa na samli ndo meza ya Watooro yenyewe, na vingi vinatoka shambani kwake bila kupitia kwa mwenye duka. Asubuhi omba katogo, yale matoke yanayopikwa sufuria moja na maharage au nyama, au viazi kama vya watoto, uvisifie kwa sauti. Mwenyeji akiombwa chakula chake hasikii kama anaokolewa, anasikia raha. Utaona ile mistari ya mkate inavyokatika yenyewe.

Na uhame sebuleni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila huku usisubiri kupewa, hawatakupa hata ukae mwaka, lichukue mwenyewe. Kaa kule jikoni na binti yake, shika kisu umenye matoke, pakaa mafuta kidogo viganjani kwanza mana ule utomvu ukikauka mikononi ni wiki nzima unaonekana fundi gereji. Siku ya kwanza watakunyang'anya kisu, watacheka, watasema Abwoli aka aka mgeni hamenyi. Rudi. Siku ya pili watakuachia. Ukishamenya nao utakula nao, sahani zikiwa zinatoka sufuria moja ndo hadithi ya mgeni kula wali na watoto viazi inakufa, na wala hujatoa hotuba. Firigisi ikija tena usiikatae, kukataa ni tusi, kata kipande ule, kinachobaki umpe yule wa mwisho kwa mkono wako mbele ya baba yake. Wewe ndo mkubwa wa meza siku hiyo, mkubwa anagawa.

Kuhusu hela yako uliyonayo, kidogo siyo nyingi, vizuri, hiyo ina njia yake. Huku mtu haendi kutembelea nyumba ya watu mikono mitupu, na hata anayeishi humo akitoka mjini anarudi na kitu. Mkienda Fort Portal mjini na wenzako ingia soko la Mpanga, nunua sukari kilo mbili tatu, mche wa sabuni, chumvi, majani ya chai, tia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ukifika nyumbani mpe mama kwa mikono miwili na ukiweza piga goti kidogo kama ulivyopigiwa, usiseme "nimekununulia kwa sababu", sema tu nimetoka mjini. Mkienda mjini tena, tena sukari. Hapo hakuna atakayekuuliza maswali, mana ni tabia ya mtoto wa nyumba yoyote. Na ile sukari haitaandikwa kwenye daftari. Angalia lakini usivimbe ukarudi na gunia la mchele na katoni ya mafuta juu ya boda kijiji kizima kikatoka kutazama, hiyo ni kampeni.

Kuna kitu kingine unacho na hukijui bei yake, mdomo wako. Julai 2022 baraza la mawaziri la hapa lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na shule nyingi mpaka leo zinahangaika kupata walimu. Watoto wa Adyeri watakutana nacho. Na wengi huku walikua wanakisikia kwa askari na kwenye vizuizi vya barabarani, kwahiyo masikioni mwao ni lugha ya kufokewa. Wewe wa Tanga unasema "tafadhali nisogezee kikombe" kama unaimba! Kaa nao jioni na madaftari yao, wafundishe kusalimia, kuhesabu, majina ya vitu vya humo ndani. Baba utingo atajidai naye atasahihisha kwa Kibunia, muacheni, raha ya nyumba hiyo. Hicho mama atakiongelea kanisani bila aibu.

Ila naomba kitu, mwanangu, midomo yenu wanafunzi ina ahadi nyingi mkikaribia kuondoka. Usimwahidi mtoto ada. Usiseme utamtafutia binti kazi Tanzania, usiseme mwaka ujao utarudi kama hujui. Elimu ya msingi ya bure ya serikali ipo huku toka 1997 lakini sare, madaftari na michango ya shule bado inamla mzazi, kwahiyo neno "nitawasaidia" likitoka kwa mgeni halipiti sikio moja likatokea jingine, linakaa, watu wanapangia bajeti. Kama unataka kutoa nunua madaftari na kalamu siku ya kuondoka, imekwisha.

Mbuzi sasa. Mbuzi huwezi kumzuia, na usijaribu, baba kashasema mbele ya watu. Unachoweza ni kumpanua. Nyie mko nyumba kadhaa pale pale kijijini, ongea na wenzako na binti wa Adyeri, pendekezeni kuagana kuwe kumoja, uwanja mmoja, badala ya kila nyumba kuua mnyama wake kwa kushindana na jirani, mana najua ndo inavyokwenda, nyumba ya pili ikisikia mbuzi na wao watatafuta mbuzi wa kukopa. Mbuzi mmoja wa baba, wengine walete matoke, karo, maharage, nyie wanafunzi mchange soda, mchele, mkaa na viungo, mpike pilau ya kwenu hapo hapo. Kuchangia sherehe hakuna anayeona vibaya Uganda hii, harusi zote huku zinaendeshwa kwa michango na mikutano ya kila wiki mpaka watu wanakimbia simu. Haji aje achinje na akae ale na nyie, usimsahau huyo mzee, kila siku anaitwa kwa ajili ya shingo ya kuku halafu anarudishwa kwake. Kama walimu wenu wana akili wataleta malipo ya wenyeji kabla ya siku hiyo, si siku hiyo mbele ya kamera.

Hili la jina nilitaka kulisahau kwa jinsi lilivyo dogo. Mwambie huyo mwenzio anayekutisha aache. Empaako hayafiki hata ishirini kwa wote, Watooro na Wanyoro wanagawana hayohayo, Abwoli, Adyeri, Akiiki, Amooti, Ateenyi na wenzake, moja tu Okaali limewekwa kando kwa ajili ya mfalme. Waislamu wa huko nao wanaitana hivyohivyo wakitoka msikitini. Hujabatizwa, hujaolewa, hujala kiapo. Wapo wahubiri wanaoyapiga vita na mila yenyewe inapungua, mpaka UNESCO mwaka 2013 wakaiweka kwenye orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Faida yake utaiona ukirudi, hata baada ya miaka ukikutana na Mtooro kwenye foleni Dar ukamwambia mimi Abwoli, atakuuliza wa nyumba ya nani. Kitu kimoja tu, ukishapewa nawe uwaulize wenzako yao, kumsalimia mtu mzima bila kumtaja kwa empaako lake huko ni kama umempita. Umeshajifunza la Haji? Kamuulize na yeye kama analo.

Mama yako mzazi amekuambia usirudi na deni la watu na yuko sawa, ila deni la pale dukani si lako wewe, ni la mliyempa hela. Ukishavuka Mutukula nitumie meseji, nataka kujua walilipa kabla ya mbuzi au baada, na kama hawakulipa kabisa niandikie barua nyingine, hiyo ntaijibu kwa sauti tofauti.

Shangazi